Kupoteza kitambulisho cha NIDA: kadi nimelipia 20,000, jina la mama ndilo lililonitoa jasho

Pweza Mkavu (mleta uzi)

Wakuu, habari za mchana.

Niliahidi kwenye uzi wa mwenzetu aliyeibiwa pochi kwamba yangu yakiisha nitaleta mrejesho. Yameisha jana. Kaeni vizuri, ni marefu kidogo.

Ijumaa moja mwezi juzi nilipanda gari la Rangi Tatu, hapa Dar, saa kumi na mbili jioni. Gari la saa ile mnalijua, unasimama kwa mguu mmoja na mwingine unauacha popote utakapotua. Nashuka kwa Azizi Ali, napapasa mfuko wa nyuma, hola. Wa mbele, hola. Simu na pochi vimeondoka pamoja. Kwenye pochi kulikuwa na kitambulisho cha taifa, hiki cha NIDA, leseni, kadi ya benki na elfu kumi na saba.

Sasa hapo kilichoniuma si kadi. Mimi ni kijumbe wa mchezo, ule wa kuchangiana hela na kupokezana, tuko watu tisa, na hela ya wiki ile ilikuwa kwenye laini yangu. Nikakimbilia kwa wakala kurudisha laini kabla mtu hajaanza kubahatisha namba ya siri. Wakala ananiuliza, "Namba ya NIDA?" Nikamtajia tarakimu nane kwa kujiamini kabisa. Akanitazama. "Hizo ni tarehe yako ya kuzaliwa, kaka. Zimebaki kumi na mbili."

Nikaazima simu ya kijana wa chipsi, nikabonyeza *152*00# nitafute namba. Inakuuliza jina lako la kwanza na la mwisho, tarehe ya kuzaliwa, kisha jina la kwanza la mama na la mwisho. Nikajaza. Taarifa hazipo. Nikabadilisha Fatuma nikaweka Fatma. Hazipo. Nikajaribu Mwantumu, ndilo analoitwa nyumbani. Hazipo. Kijana wa chipsi anaanza kuangalia salio lake.

Ikabidi nimpigie mama, Muheza, saa mbili usiku. "Mama, samahani, hivi wewe unaitwa nani?" Kimya. Halafu akaniuliza kama nimelewa.

Tulipoelewana akakumbuka. Mwaka ninajiandikisha nilimpigia anitajie majina yake sawasawa. Yeye kusoma si sana, akampa mtoto wa jirani kadi yake ya zamani ya kliniki ayasome. Na kwenye kadi ile mwandiko ulikuwa wa haraka, "Fatuma" ikasomeka "Fatina". Nami nikaandika Fatina kwenye fomu bila kushtuka, nikaweka sahihi nikaondoka. Kwa hiyo kwenye mfumo wa taifa mimi ni mtoto wa Fatina. Nilipoandika Fatina namba ikashuka palepale, zote ishirini.

Laini nikarudishiwa usiku uleule kwa kidole, hela ya watu ikawa salama. Kadi nikaanza kuifuatilia Jumatatu.

Hatua zilivyokuwa kwangu: kwanza polisi, losi ripoti, yaani ripoti ya mali iliyopotea. Siku hizi unaweza kuijaza mtandaoni kwenye mfumo wa Jeshi la Polisi, ukalipia na kuichapisha mwenyewe, lakini mimi nilienda kituoni kwa miguu kwa sababu leseni na kadi ya benki nilitaka viingie kwenye karatasi moja. Pili, ofisi ya NIDA ya wilaya na ile losi ripoti. Ukajaza fomu, ukaweka kidole, ukapewa kontroo namba ya kulipia, ile ya tarakimu 12 inayoanzia na 99. Ukalipa 20,000 kwa simu au benki. Basi. Ukarudi nyumbani kusubiri.

Nje pale kuna vishoka. Mmoja aliniambia kwa elfu hamsini kadi natoka nayo leo. Nikamuuliza mashine ya kuchapisha iko mfukoni mwake? Akanitukana kistaarabu, nikaenda zangu.

Kadi imetoka wiki ya sita. Picha ni ileile ya zamani, nina mashavu ambayo sikumbuki niliyaacha wapi. Karibuni kwa maswali.

Bweha Mtaratibu

Kwanza pole mkuu. Pili, siamini kwamba kijumbe wa watu tisa hakuwa ameandika namba yake ya NIDA popote.

Pweza Mkavu

Ilikuwa imeandikwa. Kwenye simu iliyoibiwa. Na nakala ilikuwa kwenye pochi.

Bweha Mtaratibu

Nimekaa kimya.

Steshenari ya Kona

Mleta uzi umefanya vizuri kuleta hii. Mimi nina kaduka ka kuchapa na kutoa kopi jirani na ofisi ya kata, nawajazia watu fomu kila siku ya Mungu, niongezee machache.

Watu wanalilia kadi wakati kitu chenyewe ni namba. Ukitaka pasipoti, TIN ya mlipakodi, kusajili kampuni kwa wakala wa usajili BRELA, wanachokwenda nacho kwenye mfumo ni namba na majina yako. Namba haipotei na haibadiliki. Nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Tano zinazofuata ni postikodi ya eneo ulilojiandikishia. Zilizobaki saba ndizo zinazokutenga na mwenzio mliyezaliwa siku moja mkajiandikisha mahali pamoja. Kwa hiyo ukizielewa hivyo, za kukariri ni chache kuliko unavyodhani.

Kinachowasumbua wateja wangu ni majina. Leo asubuhi nimekuwa na mzee ambaye cheti cha kuzaliwa kinasema Athumani, cheti cha darasa la saba kinasema Othman, NIDA inasema Athuman bila i. Wote ni yeye. Amekaa kwenye benchi langu saa nzima akiniuliza sasa yeye ni yupi.

Na hilo la mama Fatina, mkuu, usiliache hivyo. Leo umebahatika mama yupo hai na anapokea simu. Mwanao atakapohitaji kitu baada ya miaka ishirini, au urithi ukifunguliwa Muheza, utaambiwa uthibitishe kuwa Fatina na Fatuma ni mtu mmoja.

Mama Pacha

Asante mleta uzi, nimecheka peke yangu kwenye foleni. Naomba kuuliza. Kadi yangu ni ya zile za mwanzo kabisa, imeandikwa mwisho wa matumizi 2024. Nimeenda benki moja (siitaji) dada wa dirishani akanirudisha, eti kimeisha muda, nikatengeneze kipya. Nalipia hiyo 20,000?

Steshenari ya Kona

Hapana dada, usilipe kitu. Vitambulisho vya mwanzo vilitolewa 2013 vikiwa na muda wa miaka kumi, sasa ilipofika 2023 vikawa vinakaribia kuisha kwa mkupuo. Februari 2023 serikali ikatangaza kuondoa ukomo wa matumizi kwa raia. Tarehe iliyochapwa inabaki pale kwenye plastiki lakini haina kazi. Rudi benki, omba kuongea na msimamizi, mwambie kwa upole. Mara nyingi wale wa dirishani ni vijana wapya, wanasoma walichokiona.

20,000 ni ya aliyepoteza au kuharibu.

Mama Pacha

Nimerudi pale mchana huuhuu. Msimamizi amenisikiliza, wamekipokea. Dada wa dirishani hakuniangalia usoni.

La pili basi, maana leo nimepata mtu. NIDA nilijiandikisha nikiwa nimeolewa, nikaweka ubini wa mume. Vyeti vyangu vya shule vyote vina ubini wa baba. Sasa nataka kurudi chuo.

Steshenari ya Kona

Hapo dada yangu ndipo penye kazi. Una njia mbili, na zote zinaanza na kuamua wewe mwenyewe unataka kuitwa nani hadi kufa. Ukiamua kubaki na la baba, unaomba kurekebishiwa taarifa NIDA ukiwa na cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule. Ukiamua la mume, unahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, siyo kile kiapo cha haraka tu cha kwa wakili, halafu unaanza kuzunguka nayo ofisi moja baada ya nyingine.

Mimi siku zote nawaambia wateja wabaki na la baba. Bibi zetu waliolewa mara mbili mara tatu na hakuna aliyebadili jina la baba yake. Hii ya kubeba ubini wa mume tumeivaa ukubwani na makaratasi yetu hayajaizoea.

Mama Pacha

Mume wangu anasoma uzi huu nyuma ya bega langu. Anasema ushauri wako ameusikia.

Fundi Zege

Wakuu mimi tatizo langu ni jingine. Laini imegoma, wakala anasema kidole hakisomi. Nimeenda kwa mawakala watatu. NIDA ninayo, namba naijua kichwani, kadi ninayo mkononi. Mwenyewe nipo. Kidole hakipo.

Steshenari ya Kona

Pole fundi. Unashika saruji kwa mikono mitupu?

Fundi Zege

Miaka kumi na minne.

Pweza Mkavu

Yule wakala wangu alinieleza hili wakati tunasubiri laini iwake. Anasema saruji na chokaa vinakula kidole gumba na cha shahada kuliko vingine, kwa sababu ndivyo unavyoshikia mwiko. Na pale NIDA ulipojiandikisha walichukua vidole vyote kumi. Mwambie wakala ajaribu cha pete na cha mwisho, mkono wa kushoto. Usiku kabla ya kwenda loweka mikono kwenye maji ya uvuguvugu, ukaushe, upake mafuta, asubuhi ufute vizuri yasibaki ya kuteleza. Usiende ukitoka saiti. Ukiweza upumzike siku mbili tatu ngozi ijirudie, nenda Jumatatu asubuhi.

Bweha Mtaratibu

Fundi apumzike siku tatu, wewe utamlisha?

Fundi Zege

Jumapili hatufanyi kazi. Nitaloweka.

Karafuu Kavu

Assalaam alaykum. Huku kwetu Unguja mtu huwa na viwili, cha Mzanzibari Mkaazi na hicho cha NIDA. Kimoja kikipotea watu husema si neno, una kingine. Si kweli. Kila kimoja kina kazi yake, na huku kwetu shughuli nyingi za serikali wanataka hicho cha Mkaazi. Mimi vilipotea vyote siku moja, boti ya jioni, begi limekwenda na mtu mwengine. Nilianza kwa sheha, kiongozi wa shehia yetu, kwa sababu bila ya barua ya sheha huna pa kuanzia. Sheha wetu ananijua tangu nasoma skuli, lakini alinitaka nijieleze upya mimi ni nani, mtoto wa nani, nakaa wapi. Nikamwambia sheha, jana tumecheza bao. Akasema jana ulikuwa mchezaji bao, leo u mwombaji.

Mlango wa Papa

Hahaha, sheha huyo ni kiboko. Sisi Mombasa mambo ni yayo hayo, majina tu ndiyo mengine. Ukipoteza kitambulisho waenda polisi upate abstrakti, karatasi ya kuthibitisha umepoteza, kisha Huduma Senta, kituo cha huduma za serikali. Zamani kulipia kilichopotea ilikuwa shilingi mia moja, saa hizi ni elfu moja za Kenya. Mtu sasa kadi yake aifunga na uzi shingoni kama hirizi.

Nyuki wa Tabora

Jamani mimi namba yangu nilipata 2019, wakati ule wa kusajili laini kwa alama za vidole, kila mtu anakimbizana na tarehe. Kadi sijawahi kwenda kuchukua hadi leo. Namba inanitosha. Kuna ubaya?

Steshenari ya Kona

Upo. Wakati ule watu walitaka namba tu laini zisifungwe, na kweli tarehe 20 Januari 2020 zikaanza kufungwa. Kadi zilipokuja kutoka, zikapelekwa kwenye kata na mitaa, hazikupata wenyewe. Mimi nimeziona ofisini kwa mtendaji zimefungwa kwa mpira, mafungu mafungu kwa herufi, la M peke yake lilihitaji mipira miwili. NIDA wakatangaza kwamba waliotumiwa meseji ya kwenda kuchukua wakapuuza, namba zao zingesitishwa matumizi kuanzia tarehe 1 Mei 2025. Kaangalie kwanza kama yako bado inafanya kazi, halafu nenda ukaulize kadi. Huko hulipii, ni ya kwanza.

Nyuki wa Tabora

Nilihama Tabora 2021. Kadi itakuwa kule kule?

Steshenari ya Kona

Anzia ulikojiandikishia. Kama una ndugu kule mtume akaulize kwanza ipo au haipo kabla hujapoteza nauli. Kuichukua utaambiwa uende mwenyewe.

Chupa ya Chai

Mimi nimepoteza juzi. Hii hapa ndiyo namba yangu wakuu, nisaidieni kuangalia kama ipo hai, na nimeweka na picha ya kopi: *[imeondolewa]*

Pweza Mkavu

Futa! Futa haraka!

Steshenari ya Kona

Ndugu yangu, namba, majina matatu, tarehe na sura yako, vyote kwenye uzi unaosomwa na kila mtu? Hapo umebakiza kidole tu. Nimewaomba waangalizi waondoe.

Na mkishapoteza kadi, bonyezeni *106# muone laini ngapi zimesajiliwa kwa namba yenu. Kuna mteja wangu alikuta laini ambazo hazijui. Nenda kwenye duka la mtandao husika, sema hii si yangu, waifunge. Ikitumika kutapeli watu, wa kwanza kugongewa mlango ni wewe.

Chupa ya Chai

Nimeelewa, samahani. Nimebonyeza, ziko tatu. Mbili zangu.

Bweha Mtaratibu

Na ya tatu?

Chupa ya Chai

Ya shemeji. Nilimsajilia mwenyewe 2020, nilikuwa nimesahau. Nimepata jasho la bure.

Pweza Mkavu

Wakuu, nimerudi, siku nne baadaye. Hamtaamini.

Jana asubuhi Mama Rehema, mwanachama wangu wa mchezo, kapigiwa simu na mtu asiyemjua. "Mama, wewe uko kwenye orodha ya nani?" Akadhani tapeli, akakata. Akapigiwa tena. Kumbe kwenye pochi yangu kulikuwa na karatasi ya mchezo, majina tisa na namba za simu, na konda wa gari fulani ameikuta pochi imesokomezwa chini ya siti ya nyuma wakati wanafanya usafi mkubwa gereji. Gari lilikuwa limelala gereji muda wote huo.

Nimeifuata. Kila kitu kimo. NIDA ya zamani, leseni, kadi ya benki ambayo nilishaifunga. Elfu kumi na saba haikuwemo, na sikuuliza. Konda nimempa elfu kumi, akataka kukataa, nikamlazimisha.

Sasa nina vitambulisho viwili vya mtu mmoja. Nafanyaje?

Steshenari ya Kona

Hongera, lakini usivifuge viwili. Kile cha zamani ulishaapa polisi kwamba kimepotea. Kirudishe ofisini ulikochukulia kipya, wajue kimepatikana. Na ukiwa pale pale, anzisha la jina la mama.

Bweha Mtaratibu

Kwa hiyo ungesubiri wiki sita ungeokoa 20,000.

Pweza Mkavu

Na kazi ningefanyia nini wiki sita, Bweha?

Fundi Zege

Mleta uzi, kidole cha mwisho cha kushoto kimesoma. Laini imerudi. Asante sana.

Pweza Mkavu

Hiyo ndiyo habari njema ya uzi huu.

Steshenari, nimekwenda leo. Kadi ya zamani wameipokea. La mama wameniambia nilete cheti changu cha kuzaliwa, na cheti kinasoma Fatuma, kwa hiyo naona litanyooka. Nimempigia mama kumweleza. Akaniuliza, kwenye hiki kipya ameandikwa nani. Nikamwambia jina la mama halitokei kwenye kadi, liko ndani kwenye mfumo. Akaguna, akasema basi nimehangaika kumtafuta Fatina, mtu asiyeonekana.